Ukuta wa Bwana Harusi

"Ondoka hapo, mdogo wangu," alisema Kiboko. Nyundo kubwa ya kuvunjia mawe ilikuwa begani mwake, ameituliza kama mwanamke mwingine anavyotuliza mkoba.

"Siondoki."

"Basi nitakuangusha pamoja na ukuta. Mazishi yatakuwa mepesi, kifusi kipo tayari."

Ndugu yake, ambaye mji mzima ulimwita Bosi hata kabla hajawa bosi wa mtu yeyote, alikuwa ameubana mgongo wake kwenye ukuta wa kile chumba kidogo cha matofali, mikono ameitanua huku na huku kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Ndani ya chumba hicho, nyuma yake, mashine ya kupasha joto maji ya bwawa ilikuwa ikinguruma na kunyamaza, ikinguruma na kunyamaza, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi.

Bosi alisema mengi. Kwamba ukuta ule aliujenga kwa mikono yake mwenyewe. Kwamba tangu baba yao afariki hakuna ukuta ulionyooka kama ule katika ukoo mzima. Kwamba wezi wa mji ule huiba hata kivuli ukikisahau nje. Kiboko akamjibu kwamba wezi wana akili zao, na hakuna mwizi atakayevunja mlango wa chuma ili aibe kitu kinachopoza maji.

"Na mablanketi yako je?" Bosi akamchokonoa. "Nayo tuyapige nyundo?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Wanawake watatu wa bwawani waliokuwa wamesimama pembeni walitazama chini, kwa maana mablanketi yale waliyashona wao.

"Mablanketi nimeshayatoa," alisema Kiboko. "Mimi nilikosea kwa kitambaa, wewe umekosea kwa saruji. Kosa langu linafuliwa."

Sasa, ugomvi huu haueleweki bila kumjua Kiboko mwenyewe, na Kiboko haeleweki bila shimo.

Baba yao alikuwa mwashi. Aliajiriwa kuchimba tangi la maji nyuma ya nyumba ya wageni, tangi la kawaida tu. Lakini siku ile ile mkewe alikuwa ndani na uchungu wa uzazi, naye kwa wasiwasi akawa anachimba, anachimba, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia tulia, bwana. Mtoto alipolia, mwashi alichungulia kutoka shimoni akaona kuwa tangi amelipita zamani na sasa anakaribia kumsalimu jirani. Mwenye nyumba alikuja akatukana, akanyamaza, akazunguka lile shimo, kisha akaagiza vigae vya buluu. Ndivyo bwawa la kuogelea lilivyozaliwa siku moja na Kiboko, na wanaomjua husema katika watoto wale wawili bwawa ndilo lililokuwa na adabu.

Aliogelea kabla hajatembea. Jina la Kiboko alipewa kwa sababu mbili, zote alizijua na zote alizipenda. Moja ni umbo lake. Ya pili ni kwamba aliweza kukaa chini ya maji hadi watu wa juu wakaanza kugawana nguo zake. Mwenye nyumba alipozeeka na kuchoshwa na wageni, alimwachia mwashi nyumba na shimo lake, na mwashi alipoondoka duniani watoto wakagawana bila kugawana: Bosi akashika vyumba na funguo, Kiboko akashika maji.

Aliwahi kuolewa na fundi cherehani, mtu mpole mwenye vidole virefu. Baada ya muda fundi alichoka kulala na mke anayenuka dawa ya maji, akampa asubuhi moja achague: yeye au bwawa. Kiboko akasema jambo zito namna hii linataka kufikiriwa, akajitosa ili alifikirie vizuri. Alipoibuka na jibu, mume alikuwa ameshafika kituo cha basi, cherehani kichwani. Jibu lenyewe hakuna anayelijua mpaka leo, na akiulizwa hucheka tu.

Alifundisha nusu ya mji kuogelea. Alifundisha polisi, alifundisha wahasibu, na alimfundisha mwizi mmoja ambaye baadaye aliwatoroka polisi hao hao kwa kuvuka mto. Walioshuhudia walisema wote walipiga mtindo mmoja, ila mwizi alionekana kuwa mwanafunzi mwenye bidii zaidi.

Lakini waliokuwa moyoni mwake ni wanawake wa asubuhi. Hao hawakuja kuogelea, walikuja kutembea. Wenye magoti yaliyogoma, wenye viuno vilivyokatika kwa kubeba, wenye migongo iliyopinda kama kulabu. Walishuka ngazi polepole wakishika chuma, maji yakawafika kifuani, wakaanza kuzunguka huku wakiteta habari za wakwe zao, na kila mmoja akawa mwepesi kama alivyokuwa kabla ya kuzaa. Kiongozi wao alikuwa Mkunga, mama mstaafu aliyewapokea duniani watu wengi wa mji ule, Bosi akiwemo, jambo ambalo hakumwacha alisahau. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Nchi kavu mguu wake ulimfuata nyuma kama mtoto mkaidi anayekokotwa shuleni. Majini mguu huo huo ulitangulia.

Tatizo lilikuwa kipupwe. Maji yakipoa, mguu kama ule hufunga kama kufuli. Kila mwaka kipupwe kilipoingia, wanawake wa asubuhi walirudi makwao wakakaa vitini, na kila mwaka kilipotoka walirudi wakiwa wamepungua nguvu, na mwingine hakurudi.

Bosi naye, haki yake apewe, si mtu mbaya. Alisikia kwa mgeni mmoja wa chumba cha juu kwamba kuna mashine ya kupasha maji ya bwawa, akaitafuta, akainunua, akaileta juu ya lori ikiwa nyeupe pe, imefungwa utepe. Mkunga alipoiona inashushwa na wanaume wanne huku dada na kaka wamesimama mlangoni kuipokea, alisema, "Haya, bwana harusi amefika." Jina likaganda.

Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa na viatu vya matope na maneno mengi. Aliwaeleza kwamba mashine hii haichemshi maji kama birika. Inaokota joto lililomo hewani, inalitia majini. Siku ya jua na jasho inaokota kwa magunia. Siku ya baridi inaokota kwa viganja, na ikizidi sana baridi yenye unyevu hujifunika barafu kwenye mbavu zake, ikasimama kidogo kuiyeyusha, kisha ikaendelea. Hewa iliyokwisha kunyonywa joto hutemwa mbele kwa feni, nayo ni baridi. Kwa hiyo, alisema fundi, msiizibe mbele wala nyuma, isije ikavuta pumzi yake yenyewe. Kiboko wakati huo alikuwa akimgombeza kuhusu viatu vyake juu ya vigae. Bosi alikuwa akipima kwa mguu nafasi ya matofali. Wote wawili waliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Mwisho wa joto, hewa nzito kama shuka lililotoka kufuliwa, Bwana Harusi aliimba nje kwenye sakafu yake ya zege, maji yakapata vuguvugu mpaka usiku. Watu walisema mbu aliyetua juu ya bwawa lile alitoka akiwa ameiva. Wanawake wa asubuhi walikataa kutoka majini hata njaa ilipowauma. Mkunga peke yake ndiye aliyewaonya.

"Hiyo ni fungate," alisema. "Waume wote huwa hivyo fungate. Mngojeeni kwenye baridi."

Na Bosi akaanza kujenga. Tofali juu ya tofali, jioni baada ya kazi, akipiga mluzi. Kila ukuta ulipopanda, hewa nayo ilipoa kidogo; mambo haya mawili yakaenda bega kwa bega, hata ikawa hakuna aliyejua lipi limesababisha lipi. Zikamalizika kuta nne. Likaja paa la bati. Ukaja mlango wa chuma wenye kufuli kubwa kama ngumi ya mtu, na kidirisha kidogo kama uso wa mtoto cha kupitishia waya na mabomba. Siku kufuli lilipofungwa, kipupwe kikagonga hodi.

Na kipupwe cha mwaka ule hakikuwa cha mchezo. Jogoo waliwika mara moja tu wakarudi kulala, wakawaachia watu saa zao. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dobi wa mtaa wa pili alianika shuka juu yake asubuhi moja, na shuka likakaa. Maji ya bwawa yakaanza kupoa. Bosi akasema ni mashine. Akasema imetengenezwa kwa watu wa jua, ikiona wingu inakata tamaa. Kiboko akasema ni uzembe wa watu: kitu kinachotoa joto kinasikia baridi, na mgonjwa wa baridi hufunikwa. Akawaita wanawake wa asubuhi. Kila mmoja akaleta blanketi lake la zamani, wakayaunga, wakamshonea Bwana Harusi koti lenye vifungo, wakamvika mpaka shingoni. Alipendeza. Mmoja wao alitaka kumwongezea na kola.

Kesho yake alikohoa kuliko jana. Keshokutwa ukimgusa alikuwa na jasho la barafu. Wanawake wakaanza kupungua mmoja mmoja, huyu na mafua, yule na wajukuu, kila mtu na sababu yenye heshima. Mkunga hakuwa na sababu, akashuka ngazi kama kawaida. Mguu wake ulifunga katikati ya bwawa. Hakupiga kelele, alisimama tu pale, maji kifuani, anatazama mbele kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kiboko alimtoa mgongoni. Alipomfikisha kitini Mkunga alijifuta uso, akasema anashukuru, na hakuja tena.

Jioni ile Bosi alitoa hukumu yake. Alisema bwawa limeshazeeka na mashine haina maisha, na umeme unaliwa kama karanga. Alikuwa ameshaongea na mtu wa malori. Ijumaa kingekuja kifusi, shimo lingejazwa, na juu yake angejenga ukumbi wa sherehe, na mahema alikuwa ameshayanunua, yapo stoo. Alisema maneno hayo taratibu, akitazama vigae vya buluu na si uso wa dada yake. Kiboko alijitosa majini na nguo zake. Waliokuwepo walisema heri angejibu.

Ndipo akaingia mpishi katika habari hii, pasipo kujua kwamba anaingia.

Mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa mtu mnene wa siri nyingi. Jua lilichomoza mwanzoni mwa wiki ile, jua la kipupwe, jembamba lakini la kweli, na mijusi yote ya mji ikapanda ukutani. Mchana mpishi alikuwa na mikono ya unga, akamwomba Kiboko kwa unyenyekevu, dada mkubwa, nichukulie siagi kwa Bwana Harusi, ufunguo huu hapa mfukoni mwa aproni.

"Siagi imefuata nini kwa Bwana Harusi?"

"Inakaa huko," alisema mpishi, "tangu mlipomvika koti. Na nyanya, na soda za wageni. Friji letu linavuja maji, lakini kwa Bwana Harusi, dada, hata maziwa yanalala siku tatu."

Kiboko alikwenda. Nje, mwili wake ulikuwa ukipata jua mgongoni. Alipofungua kufuli na kuingia, jua lilibaki mlangoni kama mtu aliyenyimwa ruhusa. Ndani kulikuwa na baridi ya chumba cha kuhifadhia nyama. Siagi ilikuwa juu ya rafu, ngumu kama tofali la Bosi. Nyanya zimepangwa kwa ukubwa. Pindo la koti la mablanketi limeshikwa na barafu, limesimama kama sketi iliyotiwa wanga. Na Bwana Harusi katikati ya vyote hivi, anatetemeka, anafanya kazi, anasimama, anafanya kazi.

Kulikuwa na unyoya wa kuku sakafuni, nao wa mpishi, siri nyingine. Upepo wa feni uliupiga unyoya ukaruka ukagonga ukuta. Ukapanda juu hadi kwenye bati, ukazunguka taratibu kwa nyuma, ukanaswa kwenye koti juu ya mbavu za mashine, pale inapovutia hewa. Kiboko aliuchomoa, akaurudisha mbele ya feni. Ukaenda ukuta, ukapanda bati, ukarudi kwa nyuma. Alifanya vile mpaka mpishi akaja mwenyewe kudai siagi yake, akamkuta dada mkubwa amekaa juu ya kreti ya soda, anacheza na unyoya, na anatukana kwa sauti ndogo, kwanza yeye mwenyewe, kisha ndugu yake, kisha wote wawili kwa pamoja kwa jina la marehemu baba yao.

Bwana Harusi alikuwa hana hewa nyingine ya kuvuta isipokuwa ile aliyokwisha kuitema. Alikuwa analinyonya joto la chumba kile mpaka likaisha, kisha anaomba lililobaki, na lililobaki ni baridi. Jua lote lile la nje, na mijusi inaota, yeye hapati hata kiganja. Na wao, ndugu wawili wenye mapenzi, mmoja amemfungia ndani na mwingine amemfunga pua.

Alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja. Akatoka akaenda stoo kutafuta nyundo ya baba.

Hivyo ndivyo walivyofika pale pa ugomvi, Bosi ameubana mgongo wake ukutani na wanawake watatu wanatazama chini.

"Fungua mlango tu basi," Bosi akasema, sauti imeshuka kidogo. "Mlango ukae wazi mchana. Ukuta una kosa gani?"

"Mlango uko ubavuni. Feni inatazama ukuta huu ulioulalia. Unataka nimfundishe upepo kukata kona?"

"Dada, nitaaibika. Mji mzima umeuona ukijengwa."

"Mji mzima utauona ukianguka. Utakuwa umewapa sherehe mbili."

Mpishi akaomba kwa adabu apewe nafasi ahamishe nyanya. Akapewa. Alitoka na kreti, akaingia tena, akatoka na siagi, akaingia tena kwa soda, na muda wote huo hao ndugu wawili wamesimama kama walivyokuwa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha mkono. Soda ya mwisho ilipopita, Kiboko alimsogeza Bosi kwa nyonga, kama watu wanavyosogezana kitandani, akapiga.

Tofali la kwanza halikusikia. Ukuta ulikuwa mzuri kweli, hilo hakuna wa kulikana, mwashi angejivunia. Tofali la pili lilicheka. La tatu likaanguka ndani, na hapo hapo kitu baridi kikatoka kwa nguvu kupitia tundu na kuwapuliza usoni wote waliokuwa mbele, Bosi wa kwanza. Alisimama pale, nywele zimelala nyuma, anapigwa na pumzi ya chumba chake mwenyewe. Dada yake alivunja ukuta wa mbele, akazunguka akavunja na wa nyuma, akaacha nguzo na bati ili mvua isimnyeshee mgonjwa. Mwizi akija, alisema, atanikuta mimi nimelala hapo kando, na atachagua yupi mwepesi kubeba.

Lakini kuvunja si kupasha. Bosi alikuwa wa kwanza kusema hivyo, na alilisema kila alipopita. Jua lile jembamba lilikaa mchana mmoja na mwingine, na Bwana Harusi akaimba wimbo mmoja bila kwikwi, na maji yakaanza kupoteza ukali. Kiboko alijifunza tabia zake kama anavyojifunza tabia za mwanafunzi mpya. Saa za mchana, hewa ikiwa na joto kidogo, alimwachia afanye kazi kwa nguvu zote. Jua likishuka, upepo uliokuwa ukilamba uso wa maji ulirudisha nyuma nusu ya kazi, kwa hiyo alikwenda stoo akachukua mahema mapya ya ukumbi wa sherehe, akayatandaza juu ya bwawa zima, ncha hadi ncha, na mawe pembeni. Bosi alipouliza kwa nani ameomba ruhusa, alijibiwa kwamba mahema yamenunuliwa kwa ajili ya shimo hili, na shimo limeyapokea.

Kisha ukungu ukarudi. Ukaja na manyunyu, ile baridi yenye maji inayoingia mfupani na kuagiza chai. Mbavu za Bwana Harusi zikavaa weupe. Akasimama. Wanawake wawili waliokuwa wanachungulia wakaanza kusikitika, mmoja akasema maskini. Kiboko alileta kiti akakaa mbele yake, kwenye manyunyu, hakumgusa. Baada ya kitambo mashine ikatoa mvuke kama mtu aliyefunua sufuria, weupe ukatiririka chini, feni ikazunguka tena. Ikafanya kazi, ikasimama ikayeyuka, ikafanya kazi. Ilikuwa inaokota kwa viganja, fundi hakudanganya. Lakini ilikuwa inaokota.

"Imechoka," alisema Bosi akipita na mwavuli.

"Imepumzika," alisema Kiboko. "Wewe hupumziki? Nimeona ukijenga; kila tofali tano unakunywa chai."

Ijumaa iliamka mbaya kuliko siku zote. Kama mtu angeagiza hali ya hewa ya kumwaibisha Kiboko, angeletewa ile. Akachukua mkokoteni wa sokoni wa mpishi, akatandika humo mablanketi yaliyofuliwa, akaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kwa Mkunga alikawia. Mkunga alikuwa kitini, dirishani, mguu juu ya mto, akasema hatoki, akasema maji yale yalishamwambia neno lake. Kiboko akamwambia kwamba yeye hajaja kumwomba, amekuja kumchukua, na kama hataki apige kelele, watu wa mtaa wote alishawapokea yeye mwenyewe, waje wamwokoe. Mkunga akaomba apewe taulo lake.

Kwa hiyo asubuhi ile, kwenye ukungu, mahema yalikunjwa na mvuke mwepesi ukapanda juu ya maji. Si moto wa chai. Ulikuwa uvuguvugu wa maziwa ya mtoto, na kwa hewa ile hilo lilikuwa jambo la kumshtua mtu. Wanawake wakashuka ngazi wakishika chuma. Mkunga alishuka wa mwisho. Aliweka mguu mzima, akasubiri. Akaweka ule mwingine, akausubiri zaidi. Kisha akatembea, hakumtazama mtu, na katikati ya bwawa, pale pale, alipita bila kusimama, akageuka ukutani, akaanza mzunguko wa pili huku akiuliza ni nani aliyekuwa akimsengenya wakati hayupo.

Bosi alikuja na mwavuli wake na hoja zake. Alisimama ukingoni akasema sawa, leo kuna joto, lakini ni joto la kuombaomba. Kiboko, aliyekuwa majini mpaka kidevuni, akamwambia aje alionje kabla ya kulitukana. Bosi akasema hana haja. Akasema hata hivyo vigae vimepasuka. Akachuchumaa kuonyesha kigae kimoja kilichopasuka, kidole kikaingia majini, akakiacha humo. Akasema na mabomba nayo ni ya zamani. Akavua kiatu kimoja, kwa sababu, alisema, kimeingia mchanga. Akavua na cha pili.

"Na kipupwe kijacho je?" alisema, ameshaketi ukingoni, suruali ameikunja hadi magotini, miguu yote miwili majini. "Kikiwa kikali kuliko hiki?"

"Tutaokota kwa vidole."

"Na umeme?"

"Tutampumzisha usiku, tutafunika maji, na wewe utaacha taa za vyumba vitupu."

"Mimi sijakubali kitu, dada. Nataka uelewe hivyo. Nimekaa tu."

"Kaa."

"Ukumbi nilishawaahidi watu. Siwezi kugeuka kama kinyonga kwa sababu ya vibibi vitano na mashine yenye mafua."

"Nani kibibi?" aliuliza Mkunga kutoka upande wa pili, bila kusimama. "Mimi nilikutoa wewe kwa miguu, umekuja duniani kinyume, na mpaka leo hujageuka. Endelea tu."

Wanawake walicheka hadi maji yakapanda ngazi. Bosi alisubiri wamalize. Aliinua kidole, na kusema kweli alikuwa amepata hoja nzuri, ilionekana usoni, huenda ilikuwa hoja yake bora kuliko zote tangu wiki ianze.

"Nisikilizeni basi," alisema. "Ninachosema mimi ni kwamba—"

Geti la nyuma lilisukumwa. Aliingia dereva wa lori, kofia ameishika mkononi, mabega yamelowa manyunyu. Nje injini ilikuwa inaunguruma, na juu ya ukuta wa ua lilionekana rundo la kifusi chekundu limepita mabati ya lori.

"Habari za asubuhi," alisema. "Bosi, nimwage wapi?"

Feni ya Bwana Harusi ilisikika ikizunguka. Kiboko hakusogea, kidevu juu ya maji. Hakuna mwanamke aliyeielekea ngazi.

Bosi alimtazama dereva, akatazama kifusi, akatazama miguu yake mwenyewe, myeupe chini ya maji ya buluu. Hakuitoa.